Gari dogo la mbio, mafuta makali: Mzazi, usimwachie mtoto peke yake

JUMAMOSI moja mwaka jana nilikwenda kwa kaka yangu hapa Dar es Salaam kula pilau. Nilimkuta barazani na kijana wake wa miaka 10, wote wawili wamepiga magoti mbele ya gari dogo lenye urefu wa dhiraa moja, wakilifuta vumbi kwa mswaki wa zamani.

“Shikamoo shangazi. Usiguse, injini bado ya moto,” kijana aliniambia.

Sikujua kwamba gari la rimoti linaweza kuwa na injini ya kweli. Nilizoea yale ya betri yanayouzwa Kariakoo. Hili lilitoka Sharjah, shemeji yetu alilinunua likiwa limetumika. Mafuta yake yalikuja kwa meli, maana ndegeni hayaruhusiwi. Lina pistoni, kabureta, klachi, giya mbili na eksozi. Injini yake inazunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika, na gari lenyewe linaweza kupita kilomita 80 kwa saa. Wenyewe wanaliita gari la nitro.

Nusu saa baadaye nikasikia kijana anaita kutoka barazani: “Shangazi! Mdogo ameshika maji ya gari!”

Mdogo wake ana miaka mitatu. Alikuwa amesimama kando ya benchi na chupa ndogo ya maji ya kunywa, kifuniko kiko chini, midomo imelowa. Ndani ya chupa mlikuwa na kitu chenye rangi ya waridi kama juisi. Kaka alikuwa amemimina mafuta kidogo humo asubuhi ili asibebe galoni zima kwenda uwanjani.

Leo nataka tuzungumze juu ya gari hili, mzazi mwenzangu, kwa sababu mchezo huu unazidi kuingia majumbani kupitia ndugu walioko Uarabuni na Ulaya. Ni mchezo mzuri. Lakini una mambo ambayo karatasi iliyo ndani ya boksi inayasema kwa herufi ndogo, na kwa Kiingereza.

Ndani ya ile chupa mna nini

Mafuta ya nitro si petroli. Sehemu kubwa ni methanoli, ile pombe ya viwandani ambayo ikichanganywa kwenye pombe za kienyeji huua watu na kuwapofusha wengine. Ya pili ni nitromethani, inayoipa injini nguvu. Kwa magari haya huwa kama asilimia 16 hadi 25. Ya tatu ni oili, nyingine ya kutengenezwa kiwandani na nyingine mafuta ya nyonyo. Injini hii haina oili ya pembeni. Kama ilivyo kwa mashine nyingi za boti za wavuvi wetu, oili huchanganywa humo humo kwenye mafuta.

Hatari kubwa kwa mtoto ni methanoli. Ikiingia tumboni, ini huibadilisha hatua kwa hatua hadi kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo hushambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Kwa mtoto mdogo, hata funda moja linatosha kuwa dharura.

Ubaya wake ni kwamba dalili hazitokei papo hapo. Mtoto anaweza kuonekana amechangamka, au amelegea kidogo tu kama mwenye usingizi, kisha saa 12 hadi 24 baadaye ndipo anatapika, anapumua kwa haraka, anaona ukungu. Mzazi anayesema “ngoja tuone hadi kesho” anapoteza muda ule ambao dawa ingefanya kazi vizuri.

Tulichofanya

Jirani alikuja mbio na pakiti ya maziwa. Wifi yangu alitaka kumtia mtoto kidole kooni. Nililazimika kupaza sauti, jambo ambalo silifanyi nyumbani kwa watu.

Maziwa hayaui methanoli. Kumtapisha mtoto kunaweza kupeleka mafuta na matapishi kwenye mapafu. Tulimfuta mdomo, tukamvua fulana iliyolowa, tukamsafisha ngozi kwa maji na sabuni, tukaingia kwenye gari. Kabla ya kuondoka nilimwambia kaka achukue galoni lenyewe, lenye karatasi yake.

Hilo la galoni naomba ulishike. Daktari anahitaji kujua kilichomo, si “mafuta ya gari la mtoto”. Akisikia mafuta ya gari atafikiria petroli, na matibabu yake ni tofauti. Tena nitromethani ina kisa chake: kwenye baadhi ya mashine za maabara hufanya kipimo cha kreatinini, kinachoonyesha hali ya figo, kisomeke juu sana wakati figo ni nzima. Daktari asiyejua mtoto amekunywa nini anaweza kuhangaika na figo zisizo na tatizo.

Dawa zipo. Kuna fomepizoli, na pale isipopatikana hospitali hutumia ethanoli kwa kipimo maalumu ili kuzuia ini lisigeuze methanoli kuwa sumu. Hali ikiwa mbaya, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine. Usijaribu kumpa mtoto pombe nyumbani kwa kusikia hivyo. Kipimo hicho hufanywa kwa uangalizi, pamoja na kupima sukari na damu mara kwa mara.

Mdogo alilazwa usiku huo. Walichukua damu mara kadhaa. Asubuhi daktari wa zamu alituambia vipimo viko sawa, inaonekana alilowesha midomo tu akachukizwa na ladha. Kaka alitoka nje ya wodi akakaa kwenye ngazi, hakuongea na mtu kwa muda mrefu.

Wifi alitaka litupwe

Tuliporudi nyumbani wifi alisema neno moja: litupwe. Sikumlaumu. Lakini yule kijana wa miaka 10 naye alinyamaza kwa wiki nzima. Alidhani kosa ni lake, kwa sababu gari ni lake. Nilikaa naye nikamweleza kwamba kosa lilikuwa la mtu mzima aliyemimina sumu kwenye chupa ya maji, na kwamba yeye ndiye aliyemwokoa mdogo wake kwa kuita badala ya kuficha.

Mwisho wifi alikubali, kwa sharti moja: kazi ya gari lile ifanyike kwa utaratibu ulioandikwa, na yeye ausome kwanza. Niliuandika na kaka tukiwa mezani. Naushirikisha hapa kwa sababu unafaa kwa yeyote mwenye gari la aina hii, na kwa sababu nimegundua kwamba gari likitunzwa vizuri, hatari nyingi hupungua zenyewe.

Kabla ya kuwasha

Mafuta hukaa kwenye galoni lake la asili, ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, mbali na jiko. Yakihamishwa, yahamie kwenye chupa maalumu ya kujazia yenye mdomo mrefu uliopinda, iliyoandikwa SUMU. Kamwe yasiingie kwenye chupa ya maji, soda wala juisi. Anayemimina ni mtu mzima, amevaa glavu za mpira na miwani, kwa sababu methanoli hupenya ngozi.

Kagua skrubu zote. Injini hii inatetemeka sana, na skrubu inayoingia kwenye chuma bila gundi ya kuzuia kulegea itatoka uwanjani. Kazi hii mpe mtoto. Vidole vyake vinaingia pasipoingia vya baba.

Tazama meno ya giya yanavyokutana. Yakibana sana yanakula beringi, yakiachana yanakatika. Njia rahisi ni kuweka kipande cha karatasi ya daftari katikati, kubana injini mahali pake, kisha kuitoa karatasi. Nafasi inayobaki inatosha.

Kichujio cha hewa ni sponji iliyolowekwa oili. Kwa mazingira yetu ya vumbi, hicho ndicho uhai wa injini. Kioshwe, kikauke, kitiwe oili upya kila siku ya kucheza. Chembe ya mchanga ikipita, pistoni na silinda vinakwaruzika na nguvu haitarudi.

Mwisho ni betri. Gari lina betri ndogo inayoendesha mota mbili: moja ya usukani, nyingine ya mafuta na breki. Betri hiyo ikifa gari likiwa kasi, hakuna anayeliongoza. Kwa hiyo betri ijazwe kila mara, na risiva ipangwe ili mawasiliano yakikatika gari lifunge breki lenyewe. Jaribu hili gari likiwa limeinuliwa juu ya stendi: zima rimoti, tazama kama breki inashika. Kawaida unawasha rimoti kwanza, kisha gari. Ukimaliza, unazima gari kwanza, kisha rimoti.

Injini mpya na kurekebisha kabureta

Injini mpya haikimbizwi siku ya kwanza. Pistoni hubana sana juu ya silinda, na matangi kadhaa ya mwanzo ni ya kuizoesha taratibu, mafuta yakiwa mengi na mwendo mdogo. Fuata kitabu cha injini yako. Anayeruka hatua hii hununua injini nyingine.

Kabureta ina skrubu tatu za kujua. Ya kwanza ni ya mwendo mkubwa, ya pili ni ya kuondokea, ya tatu ni ya mlio wa kusimama. Ukizungusha zile mbili za mafuta kulia unapunguza mafuta, kushoto unayaongeza. Zungusha kidogo sana, sehemu ya nane ya mzunguko au chini ya hapo, kisha endesha gari uone. Anza na ya mwendo mkubwa.

Mafuta yakiwa mengi kupita kiasi gari linakohoa na moshi ni mzito. Yakiwa machache gari linakimbia vizuri ajabu kwa dakika mbili, kisha linazima lenyewe, na hapo umekwishaiumiza injini. Oili iko ndani ya mafuta, kumbuka. Ukiinyima mafuta unainyima na oili. Dalili nzuri ni moshi mwembamba unaoonekana gari linapoongeza kasi.

Joto la kichwa cha injini kwa kawaida hukaa kati ya nyuzi 100 na 120 za Selsiasi. Kipimajoto cha paji la uso tulichokizoea wakati wa korona hakifai, kimetengenezwa kwa ajili ya mwili. Tumia cha mafundi, au dondosha tone la maji juu ya kichwa cha injini. Likitulia na kukauka kwa sekunde chache, ni sawa. Likirukaruka na kutoweka mara moja, zima, joto limezidi. Na nyuzi 100 ni joto la maji yanayochemka, kwa hiyo kidole cha mtoto kikae mbali na injini na eksozi.

Uwanjani

Magari haya hukimbia kwenye lami safi. Kaka aliomba ruhusa ya kutumia eneo la kuegesha malori la ghala moja siku za Jumapili. Barabarani hapana, na uwanja wenye watoto wanaokatiza pia hapana. Kitu cha karibu kilo mbili kinachokwenda kilomita 80 kwa saa kinaweza kuvunja mguu. Watazamaji wakae nyuma ya kizuizi, na mwendeshaji asimame mahali palipoinuka kidogo aone uwanja wote.

Matairi mengi ya mashindano ni ya sponji, na yanalika haraka. Pima kipenyo chake kabla na baada. Kama upande wa ndani unalika kuliko wa nje, tairi limelala sana kwa ndani, lisimamishe kidogo. Kushoto na kulia viwe sawa, la sivyo gari litavuta upande mmoja na utalaumu usukani bure. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na ukiandike. Kijana wetu ana daftari la hesabu ambalo sasa limejaa “shokapu ya mbele, oili nzito zaidi, imekata kona vizuri”.

Tangi la gari la mashindano lina mililita 75, linaisha kwa dakika nne au tano. Kwenye mashindano hujazwa injini ikiwa inanguruma, kwa sababu sekunde zinahesabiwa. Ninyi hamhesabu sekunde. Zima, ngoja ipoe, jaza.

Na hapa kuna hatari nyingine inayoshangaza wengi: moto wa methanoli karibu hauonekani mchana. Unaweza kuona mtu anarukaruka anajipigapiga mkono bila kuona mwali wowote. Sigara, simu inayochajiwa na jiko la mkaa vikae mbali. Kizimamoto kiwepo, na ndoo ya maji pia, maana methanoli huchanganyika na maji.

Usiwashe injini hii ndani ya nyumba wala gereji iliyofungwa. Eksozi inatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu waliolala na jiko la mkaa. Mtoto mwenye pumu asimame upande upepo unakotoka. Vaeni vizuia kelele masikioni, hasa mnapoirekebisha injini kwa karibu. Usikivu ukipotea haurudi.

Baada ya mbio

Wengi hulifunika gari wakaenda kula. Hapo ndipo linapoharibika.

Methanoli hunyonya unyevu wa hewani, na hewa yetu ya pwani ina unyevu wa kutosha. Mafuta yakibaki ndani ya injini hadi Jumapili ijayo, beringi zinashika kutu. Kwa hiyo: maliza au toa mafuta yote kwenye tangi, washa injini hadi izime kwa kukosa mafuta, toa plagi, dondosha matone machache ya oili ya kuhifadhia kwenye silinda na kwenye kabureta, kisha vuta kamba mara chache oili isambae. Rudisha plagi. Shusha pistoni isibaki imebana juu. Futa gari, osha kichujio, toa betri.

Mafuta yaliyobaki hayamwagwi kwenye mtaro wala kwenye bustani ya mchicha. Rudisha safi kabatini na funga galoni vizuri, kwa sababu yakinyonya maji yanaharibika. Vitambaa vilivyolowa vikauke nje, mbali na moto, kabla ya kutupwa. Kisha kila mtu anaosha mikono kwa sabuni, anabadili nguo, ndipo anambeba mdogo.

Kazi hii huchukua karibu saa nzima, na ndiyo saa ambayo baba na mwana wanazungumza. Nimewasikia wakiongea mambo ya shule ambayo mezani hayatajwi.

Umri upi?

Wazazi wataniuliza. Maoni yangu ni haya: mwanzo mpe gari la betri, ajifunze kuliongoza na kulitengeneza. La injini liwe la mtu mzima, mtoto akiwa msaidizi. Kushika bisibisi na rimoti anaweza mapema. Kushika mafuta, kuwasha plagi na kurekebisha kabureta inayonguruma ni kazi ya mkubwa hadi mtoto awe kijana anayeaminika, na hata hapo asiwe peke yake. Na kama nyumbani kuna anayetambaa au wa miaka miwili mitatu, mafuta yakae nje kabisa ya nyumba wanamoishi.

Wiki iliyopita nilikwenda tena. Gari lilikuwa mezani limefutwa, daftari pembeni. Ufunguo wa kabati unaning’inia kwenye kanga ya wifi, na baba mtu mzima anauomba kama mtoto anayeomba hela ya andazi. Kijana alikuwa akisoma orodha kwa sauti, kaka akiitikia: betri, skrubu, kichujio, breki.

Walipofika kwenye mstari wa mwisho, mdogo aliingilia kutoka mlangoni, akapiga kelele yeye badala ya kaka yake: “Chupa ya maji ni ya maji!”

Kabla hujalala leo, mzazi, pita jikoni, stoo na chini ya kitanda. Kama kuna mafuta ya taa, dawa ya mende au jiki kwenye chupa ya maji au soda, yatoe leo hii. Hata kama hujawahi kuliona gari la nitro maishani mwako.

Tukutane wiki ijayo.